Sensa ya mwendo ya KNX: ukizima taa kwa mkono, ibaki imezimwa

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo nina sensa ya mwendo ya dari, ya KNX, ule mfumo unaofanya swichi, sensa na taa za jengo ziwasiliane, imefungwa kwenye chumba cha mikutano hapa Kampala. Kuona watu inaona vizuri, hapo sikawii. Twendeni kwenye swichi ya ukutani.

Mtu anawasha projekta, anazima taa kwa mkono. Dakika mbili baadaye mwenzake ananyoosha mguu, taa zinawaka tena. Banange! Hapo swichi inaongea na taa peke yake, sensa haina habari. Fungua ETS, ile programu ya kupangia KNX, uelekeze swichi kwenye sensa yenyewe, sehemu ya amri ya mkono. Sensa ndiyo iamrishe taa.

Kisha amua amri ya mkono itakoma lini. Sensa hii inatoa njia mbili: ikome yenyewe chumba kikiwa kitupu na muda wa kusubiri ukaisha, au idumu hadi mtu abonyeze tena. Mimi nimechukua ya kwanza, dakika 10. Ukichukua ya pili, mtu atazima Ijumaa, Jumatatu wenzake wanapapasa gizani wakidai sensa imekufa. Darasani ningeweka nusu otomatiki: mwalimu awashe mwenyewe, sensa kazi yake iwe kuzima tu.

Mmeniuliza sana kuhusu zile sensa za bei nafuu za 240V za kufunga nje. Nyingine zina ujanja: zima swichi, washa haraka, taa inabaki ikiwaka bila kujali mwendo. Kwa umeme wetu, ujanja huo siupendi. Umeme ukikonyeza usiku, sensa inadhani ni wewe uliyebonyeza, na taa ya geti inakesha hadi asubuhi. Kama inaruhusu kuufunga ujanja huo, ufunge.

Hata hii ya KNX, umeme ukirudi inahitaji muda kidogo kabla ya kuanza kuona. Kwa hiyo kwenye kifaa kinachowasha taa, panga pia hali ya umeme kurudi: chumbani nimeweka zimwa, ngazini washwa, mtu asije akakosa kipandio.

Ni nzuri, ila bila fundi mwenye ETS hutabadilisha karibu chochote. Na ukimlipa, dai faili la mradi. Akihamia Mbarara, fundi mwingine aweze kuendelea.