Kitabu ulichokiacha njiani: uzoefu wangu na mkutubi wa mtaani kwetu, Ngamiani

Tulipofika mezani kwake maktabani, yule mkutubi hakuniuliza jina wala kadi. Alimgeukia mwanangu. "Kitabu cha mwisho ulichokiacha bila kukimaliza, ulikiachia ukurasa wa ngapi?"

Mtoto akanitazama kama anayeomba ruhusa ya kusema kweli. "Wa saba," akasema.

"Kwa nini wa saba?"

"Wanaongea tu."

"Ungependa wafanye nini?"

Akafikiri. "Watafute kitu."

Mkutubi akaandika maneno hayo, "watafute kitu", kwenye daftari lenye jalada la buluu, akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye rafu. Alirudi na Mzimu wa Watu wa Kale.

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, hapa hapa Ngamiani, Tanga, na kijana wangu ana miaka kumi na mitatu. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu mmoja alimsimamisha mbele ya wenzake asome kwa sauti. Akakwama, darasa zima likacheka, na mwalimu akaliacha licheke. Tangu siku ile kitabu kwake kikawa kama dawa chungu. Nilimnunulia viwili, vyote vya mafunzo mema, vyote vikaishia chini ya godoro. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa kwamba watoto wa siku hizi ni simu tu. Sikuambiwa hivyo, ndiyo maana naandika haya.

Kitabu chenyewe si cha leo. Muhammed Said Abdulla, mtu wa Makunduchi, Unguja, alikitoa mwaka 1960, baada ya hadithi hiyo kushika nafasi ya kwanza katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki. Kuna mauaji, kuna Bwana Msa anayepeleleza huku akivuta kiko, na kila mtu mle ndani ana la kuficha. Mkutubi alimpa na kipande cha karatasi, akamwambia: "Neno usilolijua liandike hapa, usisimame. Endelea na safari. Ukija utaniletea."

Siku ya tatu usiku niliona mwanga ndani ya chandarua. Alikuwa anasoma kwa tochi ya simu. Nilisimama mlangoni nikarudi taratibu, nisimshtue. Alikimaliza kwa siku kumi na moja. Kwenye kile kikaratasi kulikuwa na maneno kumi na manne, la kwanza likiwa "kiko". Mtoto wa siku hizi atakiona wapi? Babu yake ndiye aliyemweleza, akamwonyesha kwa vidole namna tumbaku inavyoshindiliwa.

Mkutubi alipokipokea kile kikaratasi hakukisahihisha kwa kalamu nyekundu. Alikisoma chote, akamwuliza ni maneno yapi aliyakisia mwenyewe na yapi aliuliza. Kutokana na majibu hayo ndipo akamchagulia cha pili. Nimeliangalia jambo hili kwa miezi kumi sasa na nina hakika nalo: huyu dada hapendekezi kitabu kwa sababu tu ni kizuri, anapendekeza kitabu kinachomfaa mtu fulani. Alisomea ukutubi Bagamoyo, kwenye Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, na aliwahi kunitajia kanuni za Ranganathan, mkutubi wa India aliyeziandika mwaka 1931. Mbili kati ya hizo nimezishika: kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake. Hiyo ya pili ndiyo inayonigusa. Kuna vitabu pale vina vumbi la miaka, naye huvizungumzia kama mama mwenye binti ambaye posa yake bado iko njiani.

Jirani yangu ni kuli bandarini. Alikuja kumfuata mwanawe tu, akaondoka na Kuli ya Adam Shafi, ile riwaya ya 1979 kuhusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Mtu ambaye sijawahi kumwona na kitabu mkononi! Aliniambia magunia yale ya kwenye kitabu ameyabeba yeye. Alikaa nacho wiki sita, na mkutubi akamwongezea muda mara mbili bila kumkunjia uso.

Mimi aliniuliza napenda nini nje ya kazi. Nikamwambia taarabu. Mama yangu alikuwa mpenzi mkubwa wa Black Star, ile klabu ya hapa hapa Tanga, na nyimbo za Shakila nilizijua kabla ya kujua kuandika. Akanipa Wasifu wa Siti binti Saad, cha Shaaban Robert, kuhusu yule mwimbaji wa taarabu. Niliona aibu kidogo, kwa sababu mwandishi huyo ni mtoto wa huku kwetu, amezaliwa Vibambani mwaka 1909, nasi tunalitaja jina lake kila siku, lakini tangu nimalize shule sikuwa nimemfungua tena. Nilikisoma nikisubiri wateja, chaki ya kushonea ikiwa ndiyo alama yangu ya ukurasa. Siti wa Fumba, binti wa watumwa, muuza vyungu aliyetembea na biashara yake kichwani, ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa sauti yake kwenye sahani za santuri. Nilipofika mahali wanapomsema kwa kutokuwa na uzuri wa sura, niliweka mkasi chini. Nilikuwa na sketi tatu za shule za kumaliza jioni ile, na zilichelewa.

Si kila mara analenga. Baada ya Siti alinipa diwani ya mashairi magumu, nikahangaika nayo wiki mbili, nikaona nimerudi kuwa mwanafunzi anayefeli. Nikairudisha nikiwa na maneno ya kujitetea. Akafungua daftari, akaandika ukurasa nilioachia, akasema, "Hili kosa langu, dada, si lako. Nilidhani kwa sababu unapenda nyimbo utapenda na hili." Basi. Akanitafutia kingine. Kwangu mimi hapo ndipo alipopata alama za juu kuliko pote.

Jumamosi asubuhi ni saa ya hadithi kwa watoto. Wote humwita Shangazi. Anasoma vitabu vya picha vya Kiswahili, vingi vikiwa vimepitia Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991, ule uliowapa moyo wachapishaji kwa kununua nakala na kuzipeleka shuleni. Vitabu vikiisha anawatolea hekaya za Abunuwasi kichwani. Hapa nina lalamiko. Watoto wanafika hamsini na mikeka ni miwili. Wadogo wa nyuma hawaoni picha, wanaanza kufinyana, na nusu ya hadithi inapotea. Nimemshauri awagawe kwa umri. Amekubali, lakini yuko peke yake na hana wa kumwachia kundi la pili.

Klabu ya wasichana ya kusoma imeanzishwa mara mbili na mara zote imekufa. Saa zake ziliangukia wakati wasichana wako jikoni, na hakuna aliyewauliza mapema. Vilevile nakala ni moja moja. Kijana wangu amesubiri kitabu cha tatu kwa mwezi na zaidi kwa sababu aliyekiazima alisafiri nacho. Na mlango unafungwa saa kumi jioni, saa ambayo mshonaji, muuza samaki na kuli wote bado wako kazini. Mimi hufika kwa kumwachia cherehani mdogo wangu. Asiye na wa kumwachia afanyeje? Siku moja tu kwa wiki wangefungua hadi saa kumi na mbili, nina hakika viti vingejaa.

Kadi yangu ya mwaka ilinigharimu pungufu ya ninachotoza kushona sketi moja ya shule.

Sasa nimfikie baba, maana yeye ndiye aliyenishangaza zaidi. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwa miaka sita hajasoma kitu. Nilipomtajia mkutubi, alisema, "Mlete Alhamisi baada ya Adhuhuri. Wazee wangu hawasomi, wanasikiliza." Kumbe kuna kikao. Wazee saba au wanane, viti vya plastiki, birika la kahawa na kashata, na kijana mmoja mwenye sauti anayeghani.

Siku ile walikuwa na Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mtunzi wa pwani hii hii ya Tanga. Ni habari ya Wajerumani walivyoingia na watu wa Mrima, yaani pwani hii ya bara, walivyowakatalia, vita vya Abushiri, aliyenyongwa Pangani Desemba 1889. Kila kipande mizani nane, na kile cha nne kinabeba kina kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hata asiyeona anajua beti imefika bandarini.

Baba alikaa kimya beti kama ishirini, mikono juu ya bakora. Kisha akainua kidole. "Hapana, mwanangu. Umevuta mahali pa kukata." Akaghani yeye ile beti, pole pole, sauti ikimtetemeka mwanzoni, halafu ikashika. Hakuwa anasoma. Alikuwa ameisikia tu wakati ule, akairudisha kwa mahadhi aliyoyajua utotoni Pangani, kwa babu yake. Yule kijana alirudia nyuma yake hadi ikamkaa. Mkutubi alikuwa amesimama kwenye rafu ya namba 896.392, ambako ndiko fasihi ya Kiswahili inakopangwa, ana vitabu mkononi, amesahau kuvirudisha.

Tangu hapo baba ana ukurasa wake kwenye lile daftari la buluu. Panaandikwa tarehe, beti waliyoishia, na mahali alipomsahihisha kijana. Wiki iliyopita mvua iliwakatiza katikati. Njiani akaniambia niirudie namba ya beti ile hadi tufike nyumbani, tusije tukaisahau, kana kwamba haijaandikwa. Alhamisi hii wanaendelea, naye ameshaniagiza nimpigie pasi kanzu.