Programu ya simu ya kupigia hesabu ya zege: uzoefu wangu kwenye jamvi la chumba kimoja

Najenga vyumba vya uani huku Kivule, na kabla ya kumwaga jamvi (ile sakafu ya zege) la chumba kikubwa nilitaka kujua saruji inayohitajika ni mifuko mingapi. Fundi alishanipa jibu lake: "Dada, chukua ishirini tu, uwe na amani." Amani yenyewe inauzwa dukani kwa pesa taslimu, kwa hiyo nikapakua programu ya bure ya kukokotoa zege, mojawapo ya zile zinazotokea juu kabisa ukitafuta. Naipendekeza, ila usiitumie vile inavyokuja.

Chumba ni mita 4 kwa 5, jamvi la inchi 4, sawa na sentimita 10. Ujazo wake ni mita 2 za ujazo, hata bila simu. Programu ikanipa mifuko 118. Nilicheka peke yangu. Mifuko 118 kwa chumba kimoja, ningeipanga wapi? Na kwa unyevu huu wa Dar, si ingeganda mingine kabla haijafunguliwa!

Kumbe imetengenezwa kwa ajili ya watu wa Marekani. Kule mwenye kazi ndogo ya nyumbani ananunua mfuko wenye saruji, mchanga na kokoto vikiwa vimeshachanganywa vikavu, yeye anatia maji tu. Mfuko wao wa ratili 80, kilo 36 hivi, unatoa zege la futi za ujazo 0.6. Badili mita zako 2 za ujazo ziwe futi za ujazo, kama 70.6, kisha gawanya kwa hiyo 0.6, utafika 118. Hesabu haina kosa, ila hatujengi hivyo. Sisi tunanunua saruji tupu ya kilo 50, mchanga unakuja na lori lake, na kokoto, ziwe za Lugoba au za Kunduchi, na lori lake.

Ukiingia kwenye mipangilio utakuta sehemu ya kuchagua saruji pekee, uzito wa mfuko na mchanganyiko. Niliweka kilo 50 na moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne. Ikashuka hadi mifuko 13. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu, kwa sababu inakuonyesha imefikaje. Zege likishachanganywa na kushindiliwa linanywea: mchanga unajaza nafasi kati ya kokoto, saruji inajaza nafasi za mchanga. Kupata mita 1 ya ujazo ya zege unahitaji kama mita 1.54 za vitu vikavu. Gawanya kwa saba (moja na mbili na nne), zidisha kwa kilo 1,440 ambazo ndizo uzito wa mita ya ujazo ya saruji, unapata kilo 317 hivi, mifuko sita na kitu kwa kila mita ya ujazo. Nilijaribu programu nyingine ambayo hairuki matangazo wala haiongezi hiyo 1.54. Yenyewe ilisema mifuko 9 inatosha. Ungeifuata hiyo, zege lingekatikia katikati ya chumba na kijana akatumwa dukani mbio huku lililomwagwa linaanza kukauka. Kiungo cha namna hiyo ndicho nyufa zinapopita baadaye.

Basi 13 au 20? Hapa simu haikusaidii, inasaidia futi kamba. Tulivuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta kwenye usawa wa juu wa jamvi, nikawa napima kwenda chini hadi kwenye kifusi. Pembe ya mlangoni sentimita 9. Katikati 14. Karibu na dirisha 13, na pembe ya nyuma 12. Ile inchi 4 ilikuwa ya ramani tu! Wastani ukaja sentimita 12, programu ikasema mifuko 16 ukiongeza kidogo cha kumwagika. Fundi akaangalia zile namba, akasema, "Sasa hapo sawa." Sikumwona kama alitaka kuniibia na ile ishirini. Yeye amemwaga majamvi mengi juu ya vifusi visivyosawazishwa, anajua zege linapozama. Tulinunua 16, likatosha hadi kizingitini na mfuko mmoja ukabaki haujafika nusu.

Kitu kingine ambacho programu inakupa kwa mita za ujazo wakati kazini hakuna mwenye chombo cha mita za ujazo ni vipimo vya kuchanganyia. Vijana wanapima kwa toroli: mfuko mmoja, toroli mbili za mchanga, toroli nne za kokoto, wanasema ndiyo moja kwa mbili kwa nne. Siyo. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, na toroli la kawaida likijaa linafika lita 60 au zaidi. Ukipima hivyo saruji itabaki nyingi, mwenye nyumba atafurahi, na zege litakuwa chapati. Tulitumia ndoo za lita 20: kwa kila mfuko ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, maji ndoo moja na robo, pungufu kidogo kama mchanga umelowa mvua. Vijana walilalamika ndoo zinachelewesha. Ni kweli zinachelewesha.

Kasoro nyingine ni ndogo. Bila intaneti haifunguki, na Kivule mtandao unajua kupotea mchana. Haiulizi saruji ni ya daraja gani la nguvu, 32.5 au 42.5, na msingi wa mawe haiujui kabisa. Kwa slabu ya ghorofa wala usiifungue, hiyo ni kazi ya mhandisi.

Naipa nyota nne. Wiki ijayo tunamwaga linta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, mita 30, inchi 6 kwa 9, nayo inasema mifuko 7. Fundi anasema kumi. Kabla ya kwenda dukani nitapima kwanza mbao alizozipigilia.