Uzoefu wangu na mashine ya mtetemo: namba za kwenye skrini nimezipima mwenyewe

Mashine hii ya kusimama juu ikakutetemesha niliinunua Darajani, kwa ajili ya akina mama ninaowafundisha mazoezi nyumbani kwangu Mwanakwerekwe. Ni ile ya mtindo wa pembea: upande wa kushoto wa ubao ukipanda, wa kulia unashuka. Zipo nyengine, za bei kubwa, ambazo ubao mzima hupanda na kushuka kwa pamoja.

Skrini inaonyesha 1 mpaka 99, na boksi limeandikwa upana wa mtetemo ni milimita 10. Hiyo 99 si hezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ni ngazi ya kasi tu, na kijitabu hakisemi popote ngazi ya 50 ni mitetemo mingapi kwa sekunde. Sasa bibi mwenye goti linalomsumbua nimwambie asimame kwenye 50 ya nini? Hapo ndipo nilipoamua kuipima.

Simu nyingi zina sensa ya mwendo, na programu za bure za kuisoma zipo. Nimeibana simu kwenye ubao kwa tepu ya pande mbili, na hapo usifanye uvivu: mchapuko wa ubao (jinsi kasi yake inavyobadilika kila sekunde) ukizidi ule wa mvutano wa dunia, yaani g 1, simu iliyolazwa tu huanza kurukaruka na unachopima si mashine tena. Hakikisha pia programu inasoma angalau mara 100 kwa sekunde.

Bila mtu juu, na hata akisimama mwembamba, ngazi niliyoichagua ilitoa hezi 12. Alipopanda jirani yangu mwenye mwili, ikashuka hadi 10, na skrini haikubadilika hata kidogo. Mtu ataona 12 na 10 ni karibu. Lakini mchapuko hufuata mraba wa hezi (hezi mara hezi), kwa hiyo kama upana wa mtetemo ni uleule, mguu wake unapata pungufu ya kama asilimia 30. Yeye ndiye niliyemnunulia!

Umeme nao una lake. Jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha kila kitu, mota ilikuwa inaguna na kipimo kinateremka. Nilipoweka stebilaiza, vya asubuhi na vya jioni vikalingana. Kwa Unguja hii naona ni lazima, ihesabu kwenye bei.

Upana nimeupima kwa njia ya kienyeji: karatasi nimeibandika ubavuni mwa ubao, penseli nimeifunga kwenye stuli nzito ikagusa karatasi. Mashine ikitetema, penseli inachora mstari, nao unaupima kwa rula. Pembezoni kabisa nilipata kama milimita 8, wala si 10. Ukisogea katikati mstari unafupika, maana pembea haichezi katikati. Kwa hiyo miguu ikiachana au ikikaribiana, zoezi limebadilika. Nimechora alama za nyayo kwa tepu nyekundu, na tangu hapo mtu yuleyule akisimama palepale, magoti amekunja kidogo, vipimo vinarudi vilevile siku hadi siku.

Kwa hilo naisifu: si sahihi, lakini ni thabiti, na kwa bei yake nimeridhika. Kinachonikera ni mtengenezaji kuficha hezi. Tangu 2010 kuna mapendekezo ya kimataifa kwa watafiti kwamba wataje hezi, upana na mchapuko kila wanapoeleza mazoezi haya. Mteja naye anahitaji kuambiwa hayo.

Ukienda dukani, mwombe muuzaji aiwashe akiwa juu yake mtu mwenye uzito kama wako, simu yako ikiwa imebanwa ubaoni. Na mjamzito, mwenye betri ya moyo, mwenye damu iliyoganda mguuni au aliyevunjika karibuni, huyo asipande kabla ya kuonana na daktari, hata kwenye ngazi ya 1.