Kura ya diwani Bolton: kituoni au kwa posta?

Mtanzania au Mkenya mwenye kibali cha kuishi Uingereza ana haki ya kumchagua diwani, kwa kuwa ni raia wa Jumuiya ya Madola. Ila apige vipi?

Gharama hazitofautiani: hata bahasha ya posta imeshalipiwa.

Kituo hufunguliwa saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku. Tangu 2023 sharti uwe na kitambulisho chenye picha. Pasi ya kwetu inakubaliwa hata ikiisha muda, mradi sura bado ni yako. Unaweka alama, unatumbukiza karatasi mwenyewe, roho inatulia.

Posta ina mitego. Fomu inataka saini na tarehe ya kuzaliwa. Ukijisahau ukaandika tarehe ya leo, kura imekwenda na maji. Bahasha ikifika baada ya saa 4 usiku siku ya uchaguzi, haihesabiwi. Tena ombi lenyewe hudumu miaka 3 tu, kisha unaomba upya.

Hata hivyo, kwa muuguzi wa zamu ndefu au mama mwenye kichanga, posta ni mkombozi. Mwenye saini inayobadilika kila wiki, kama mimi, namwona kituoni.