Mahakama Mbili za Texas: Waxahachie na Hillsboro

Hillsboro na Waxahachie ni miji midogo ya Texas, Marekani, na kila mmoja una jengo la mahakama ya kaunti linalovuta wasafiri. La Hillsboro ndilo kongwe: lilijengwa mwaka 1890 kwa mawe ya chokaa, kwa ramani ya W. C. Dodson.

La Waxahachie lilikamilika 1897. Msanifu wake, James Riely Gordon, alichanganya itale ya waridi na mawe mchanga mekundu. Milango aliiweka kwenye pembe za jengo na ngazi katikati, chini ya mnara, ili hewa ya moto ipande juu na upepo upite vyumbani. Kwa joto la Texas, enzi ambazo viyoyozi havikuwapo, hiyo ilikuwa akili kubwa. Kwenye vichwa vya nguzo zimechongwa nyuso za watu, nyingine nzuri, nyingine za kutisha. Zitazame bila haraka.

Kwa uzuri nachagua Waxahachie. Lakini Hillsboro ndiyo inayonigusa moyo. Januari 1, 1993 moto uliliteketeza jengo, mnara ukaanguka. Wenyeji hawakukubali libomolewe. Mwanamuziki Willie Nelson, mzaliwa wa kaunti hiyohiyo, alitumbuiza kuchangisha fedha, na mwaka 1999 likafunguliwa upya.