TAHADHARI: Betri za sola za "lithiamu" zilizojazwa mchanga, zinauzwa hapa Mbeya

Ndugu zangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, ukionyeshwa picha ya betri ya lithiamu ya volti 12.8, Ah 200 (ampea-saa, yaani kiasi cha chaji inachobeba), kwa shilingi 650,000, usitume hela kabla hujamaliza kusoma hapa. Mimi nimeshapigwa.

Natotolesha vifaranga Uyole. Mashine yangu inabeba mayai 264, na inatakiwa ikae kwenye nyuzi 37.5 usiku na mchana kwa siku 21. Wanaoijua baridi ya Uyole ya mwezi wa saba wanaelewa umeme ukikatika usiku inakuwaje. Nilikuwa na betri ya asidi iliyochoka, nikawa natafuta ya kuirithi.

Jamaa nilimpata kwa simu, alikuwa anarusha picha kwenye makundi ya wafugaji. Ni mtu wa maneno matamu, na mengi kati ya hayo maneno ni kweli, hapo ndipo aliponimaliza. Aliniambia bei ya betri za lithiamu duniani imeshuka sana tangu 2010. Kweli, imeshuka kwa zaidi ya asilimia 80. Akasema waliozigundua walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Kweli pia. Akasema betri ya asidi ukiimaliza zaidi ya nusu kila siku unaiua mapema, ila hii ya LiFePO4 (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti) unaitumia karibu yote na inachajiwa mara maelfu. Hilo nalo ni kweli, fundi yeyote wa sola atakwambia. Kwa hiyo nilipoona bei ni chini ya nusu ya ile niliyotajiwa madukani, nikaona ndiyo huko kushuka kwenyewe. Hana duka, tulikutana stendi. Akaniambia mwenyewe, "Mama, ipime uzito uridhike." Tukaiweka kwenye mizani ya viazi: kilo 22. Nikaridhika. Risiti aliyonipa ni ya kuandika kwa mkono, juu yake "waranti miaka 10".

Wiki ya tatu umeme ukakatika saa nne usiku. Mayai yalikuwa siku ya 19. Mashine yangu inakula kama wati 150, na betri ya namna hiyo ina nguvu ya wati-saa 2,560 (zidisha volti 12.8 mara 200). Hata ukitoa kinachopotelea kwenye inveta, ilitakiwa inifikishe asubuhi na ibaki. Ilizima baada ya saa moja na robo. Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikakuta mashine imekuwa baridi kama jiwe. Katika mayai 264 vilitoka vifaranga 31, na wengine kati yao hawakuweza kusimama.

Tulifungua boksi na fundi wangu, mezani, mchana. Juu kulikuwa na sponji. Chini yake seli ndogo za duara, zile zinazotolewa kwenye betri za kompyuta mpakato zilizokufa, kila moja kama kidole gumba. Nilizihesabu: 36. Nyingine zina ganda la kijani, nyingine la waridi, nyingine la bluu lililochubuka na kutu kichwani. Hata zingekuwa mpya zote zisingefika wati-saa 500. Chini kabisa kulikuwa na mifuko miwili ya nailoni, imefungwa kwa gundi ya karatasi isicheze. Fundi akachana mmoja kwa bisibisi, ukamwagika mchanga mwembamba wa mtoni. Akaniangalia akasema, "Mama, hizi kilo 22 ulizonunua nyingi ni mchanga." Kwa hiyo tusidanganyane tena kwamba betri nzito ndiyo nzima. Hawa watu wanajua tunapima.

Pesa inauma, ila kuna kitu kinanitisha kuliko pesa. Betri halisi ya LiFePO4 ya volti 12.8 ina seli nne kwenye mstari, kila moja volti 3.2, na chaja yake huisukuma mpaka kama volti 14.4. Hizi zangu zilipangwa tatu tatu, na seli za aina hiyo mwisho wake ni volti 4.2 kila moja. Gawa 14.4 kwa tatu uone: 4.8. Hapo seli inachemka, inavimba, inaweza kushika moto. Kilichotuokoa ni bodi moja ya ulinzi, ndogo kama kiberiti, iliyokuwa inakata chaji mapema. Ingeungua hiyo, wanangu wanalala chumba cha pili kutoka hapo.

Na hapo ndipo unapoweza kuwakamata, kwa mita ya kawaida ya fundi. Ichaji ijae, ichomoe, iache ipumzike saa kadhaa, kisha pima. LiFePO4 nzima husoma kama volti 13.3, na ukiitumia inakaa karibu na 13 kwa muda mrefu. Yangu ikijaa kabisa haikuvuka 12.6, ukiwasha taa tu inaporomoka. Ningepima siku ile stendi ningejua, kwa sababu kwenye LiFePO4 volti 12.6 maana yake betri iko karibu tupu, na yeye aliniambia imejaa. Kipimo cha pili ni kuiweka kwenye mzigo: ya Ah 200 ikiwasha vitu vya wati 100 inatakiwa ikae zaidi ya saa 20. Muuzaji akikukatalia kuijaribu siku moja kabla ya kumaliza malipo, mwachie betri yake.

Ndugu zangu wa Makete na kule Kitulo kwenye sakitu, nyie zaidi. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, inaharibika ndani kwa ndani. Bodi nzuri ina kihisi cha joto kinachozuia hilo. Yangu haikuwa nacho kabisa, na jamaa aliniambia naweza kuiweka hata nje.

Namba yake haipatikani tena, ila nimeona picha ile ile, betri ile ile kwenye zulia lile lile, ikirushwa na namba nyingine juzi Jumapili. Nimeripoti polisi, na malalamiko ya bidhaa bandia nimeyaandika kwa Tume ya Ushindani na TBS (Shirika la Viwango). Naambiwa tukiwa wengi inakuwa rahisi kumfuatilia. Kama na wewe umeuziwa, usiitupe na usiendelee kuichaji: itoe nje ya nyumba, piga picha za ndani mkiwa na fundi, tunza ujumbe wa malipo, halafu niandikie. Boksi langu na mchanga wake vyote bado ninavyo.