Umeme wao sina ugomvi nao, ugomvi ni dirisha la kwanza

Niseme mapema ili mtu asinielewe vibaya: umeme wenyewe unawaka. Maharage yanaiva, watoto wanasoma usiku, friji inanguruma. Ugomvi wangu ni na kijana mmoja wa dirishani, na kampuni ya umeme iliyomkalisha pale, na yeyote aliyewafundisha kwamba mama akija peke yake basi kuna mwanaume mahali fulani ndiye wa kuongea naye.

Jina la kampuni silitaji. Goma hii yetu, mashariki ya Kongo, umeme unaingia kwa milango kadhaa: kuna wa Ruzizi unaopanda kutoka upande wa Bukavu, kuna wa Matebe kule Rutshuru, kuna wa jua pale Ndosho. Wangu sisemi ni upi. Bado nanunua kwao, na kesho nitanunua tena.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, shule ya msingi, mwaka wa sita. Mlishike hilo, litarudi. Nina watoto watatu, tunakaa mtaa wa Katoyi, nyumba ya mbao juu ya mawe ya volkano. Baba yao alikwenda Walikale kwenye machimbo kutafuta pesa, na mpaka leo yuko Walikale. Hapo sina la kuongeza.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa kuelekea mwisho wa mwaka 2024, kabla vita havijaingia mjini. Ijumaa jioni nanunua kwa simu namba ya kashipawa, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, kama kawaida, ujumbe unafika na tarakimu zake 20, naingiza. Imekataa. Narudia pole pole, imekataa. Msichana wangu anasoma kwa sauti, mimi nabonyeza. Mimi nasoma, yeye anabonyeza. Imekataa. Pesa imeshaondoka kwenye simu, na usiku ule ule kilichobaki ndani kikaisha.

Napiga namba ya huduma. Muziki. Muziki mwingine. Kisha simu inakatwa. Jumamosi ndiyo siku yangu ya kuuza maji baridi kwa vijana wanaotoka kucheza mpira, na mshahara wa mwalimu wa Kongo mnaujua, yale maji ndiyo sabuni na madaftari. Yakabaki vuguvugu kwenye chupa zake. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, niliyokuwa nimeinunua sokoni Kituku nikaikaanga yote kwa makala, yaani mkaa, ya kuomba kwa jirani, tukala mpaka watoto wakaikinai.

Jumatatu namwomba mwenzangu aniangalizie darasa, nakwenda ofisini kwao. Foleni. Nafika dirisha la kwanza. Kijana ana kisikizi kwenye sikio moja, anatazama simu yake, na bila kuinua macho ananiuliza nina shida gani. Namweleza. Namwonyesha ujumbe. Anautazama kwa muda ambao hata mtoto wangu wa mwisho asingeweza kusoma tarakimu 20, kisha anasema:

“Mama, uliingiza namba mubaya. Mashini haiwezi kosea.”

Namwambia nimerudia, tumerudia na watoto.

“Bwana yako iko wapi? Mwambie akuye yeye, atafahamu. Namba ni ngumu kidogo.”

Namba ni ngumu kidogo! Mimi, ambaye tangu asubuhi nilikuwa nafundisha sehemu na desimali kwa watoto zaidi ya 60 kwenye chumba kimoja! Nikamwuliza kwa upole wa uongo kama anajua kugawanya kwa tarakimu mbili bila kikokotoo. Akacheka. Akasema, “Mama, usikasirike. Hata kwenye mashini yetu kiko jina ya mwanaume, si yako.” Jina lile ni la mwenye nyumba wangu! Kashipawa ya kiwanja iliandikwa kwa jina lake kabla hata sijahamia. Kwa hiyo kijana huyu alikuwa ameshaniozesha kwa mwenye nyumba bila mahari.

Nimpe haki kidogo. Kuna wakati sheria yetu yenyewe ilikuwa na akili ya namna hiyo. Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume wake ili ajifunge kwenye mambo mengi ya kisheria. Lakini hilo liliondolewa 2016. Kijana yule, kwa kumtazama, 2016 alikuwa bado anavaa kaptula ya shule. Hakuikuta ile sheria kazini, kwa hiyo aliitoa kwingine. Na hata ile ya zamani haikusema popote kwamba mwanamke hajui kunakili namba.

Sikuondoka. Niliposogea pembeni nikahema, mama mmoja wa dirisha la pili, mtu mzima, miwani imeshuka puani, akaniita kama dada yake: “Yaya, leta ile simu.” Akaitazama kashipawa yangu kwenye kompyuta yake, akachapa kipande cha karatasi chenye mistari miwili ya tarakimu. “Ingiza ya kwanza. Ikikubali, ingiza ya pili. Kisha ile uliyonunua.” Nikamwuliza kosa lilikuwa la nani. Akasema, “Si lako.” Ndiyo hayo tu. Foleni ilikuwa ndefu.

Nikafika nyumbani, nikaingiza ya kwanza, ya pili, kisha ile ya Ijumaa. Friji ikaanza kunguruma.

Sababu nilikuja kuelezwa na fundi wa mtaa, na hapa ndipo hasira yangu ilipopanda upya. Kashipawa za mfumo huu, si za Goma tu bali za dunia nzima, zinahesabu dakika tangu mwanzo wa 1993, na kila namba inayouzwa inabeba ndani yake dakika iliyotengenezwa. Nafasi ya hesabu hiyo ni dakika 16,777,216 tu. Ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Kabla ya siku hiyo kila kashipawa ilipaswa kuingizwa namba mbili maalum ili ianze hesabu upya; ambayo haikuingizwa ilikuwa inakataa namba mpya zote. Jambo hili lilijulikana miaka kabla. Makampuni ya umeme ya nchi nyingi yalizunguka kuwatangazia watu. Sisi kiwanja chetu hatukupata hata ujumbe mfupi, ingawa ujumbe wa kutuuzia taa na betri unafika kila wiki bila kukosa.

Yaani mashine ndiyo ilikuwa imefika mwisho wa kuhesabu, mimi ndiye nikaambiwa sijui namba.

Nilitaka kuishia hapa niwape nyota moja kati ya tano nikalale. Lakini nikiwa mkweli, na mwalimu wa hesabu akidanganya atabaki na nini, hii kashipawa imenisaidia kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa nami nyumba moja.

Nyumba niliyopanga zamani haikuwa na mashine yoyote. Karatasi ilikuja kila mwezi na bei ile ile, moto, yaani umeme, uwe ulikuja, uwe haukuja. Ukizima taa au ukiziacha zikiwaka mpaka asubuhi, unalipa sawa. Utamfundishaje mtoto kuzima taa kwenye nyumba kama hiyo? Hapa kuna kioo kidogo kinachoonyesha kilichobaki, na mtoto wa mwisho ndiye mwenye kazi ya kukisoma kila jioni na kukiandika kwa chaki ubaoni nyuma ya mlango. Ikishuka sana tangu jana, tunakaa chini tunatafuta mwizi. Mara nyingi mwizi ni resho, jiko dogo la umeme. Resho ya wati 1,500 ikiwaka saa moja inakula uniti moja na nusu. Kwa uniti moja tu, balbu yangu ya wati 9 inawaka zaidi ya saa mia. Watoto walipoifanya hesabu hiyo wenyewe, waliacha kupigana juu ya balbu wakaanza kuichunga resho kama polisi. Pasi nayo tumeipa siku moja: mashati meupe na nguo za bluu za shule za wiki nzima zinapigwa Jumapili mchana kwa mpigo mmoja, kwa sababu kuipasha kila asubuhi kwa shati moja ni kuwalipa watu wa dirisha la kwanza bure.

Kilichobadilisha nyumba hasa ni sufuria ya presha ya umeme. Niliinunua kwa likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, zamu yangu ilipofika, na majirani wakasema nimelogwa, pesa yote ile kwa sufuria. Sikilizeni. Goma iko juu, karibu mita 1,500, na juu hivi maji yanachemka yakiwa kwenye digrii 95 hivi, hayafiki 100. Ndiyo maana maharage yetu yana kiburi: unachochea makala mchana kutwa na bado yanagonga meno. Sufuria iliyofungwa inabana mvuke, joto linapita 100, na inapofika hapo inajizima yenyewe na kujiwasha kidogo kidogo. Maharage ya Masisi yaliyolowekwa usiku yanaiva kabla sijamaliza kusahihisha madaftari ya safu moja. Sombe, majani ya muhogo, pia, ingawa mama yangu mzazi akija anasema haina ladha ya moshi. Kweli haina. Na kifua cha mtoto wangu wa kati, aliyekuwa anakohoa kila msimu wa mvua tulipokuwa tunaingiza mbabula, jiko la makala, ndani, kimetulia.

Makala bado ninayo gunia nusu, siwezi kudanganya. Mengi ya makala yanayoingia mji huu yanakatwa kwenye mbuga ya Virunga, kila mtu anajua, na kila mtu ananunua, kwa sababu moto ukikatika jioni huwezi kuwaambia watoto wasubiri.

Na kuna watu wa kampuni hiyo hiyo ambao nikikutana nao nitawanunulia soda. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika, pampu zikasimama, mji ukashuka ziwani na vidumu vya njano. Risasi zilikuwa hata hazijanyamaza vizuri kila mahali, nikawaona mafundi wamepanda kwenye nguzo. Wale hawakumwuliza mtu yeyote bwana yake yuko wapi. Benki zilikuwa zimefungwa, pesa taslimu imeadimika, mawakala wa simu wanakata watakavyo, lakini namba ya kashipawa nikiinunua kwa simu ilikuwa inafika. Wakati ule ningewapa nyota zote tano na nyingine ya kukopa.

Basi nilikuwa nimefika nyota nne. Nne kweli, nilikuwa nimeamua.

Halafu wiki hizi mwenye nyumba akakubali nibadilishe jina la kashipawa liwe langu, maana mlipaji ni mimi na kila kukiwa na tatizo naulizwa yeye. Alinipa barua yake yenye sahihi, mkataba wa kupanga, kila kitu. Nikaenda. Dirisha la pili lilikuwa limefungwa kwa chakula. La kwanza liko wazi, kijana ni yule yule, kisikizi ni kile kile. Akapokea karatasi zangu, akazipindua, akafika kwenye fomu, na mahali palipoandikwa jina la mwenye familia akaweka kidole. Hapa, akasema, tunaweka papa, yaani baba.

Nikamwambia papa yuko Walikale.

“Basi tutangoja arudi.”

Nilichukua karatasi zangu. Nikakaa kwenye benchi mpaka yule mama aliporudi kutoka kula, akaandika jina langu bila kuuliza chochote, akagonga muhuri, akaniambia ndani ya wiki kashipawa itakuwa yangu. Imekuwa yangu. Ujumbe sasa unaniita kwa jina.

Kwa hiyo nyota: umeme nne, mafundi wa nguzo nyota tano, simu ya huduma sifuri, dirisha la kwanza chini ya sifuri, na namba hasi pia kijana yule namjua hazijui. Mkijumlisha mgawanye wenyewe mtapata kitu cha katikati kinachomdhulumu yule mama, kwa hiyo msigawanye.

Wanaoniuliza shuleni kama wajiunge, hasa nyinyi mnaolea peke yenu: jiungeni. Nendeni asubuhi mapema, kabla ya saa ya chakula. Bebeni mkataba wa kupanga wenye jina lenu na barua ya mwenye nyumba. Ulizeni kwanza kama kashipawa iliyopo kiwanjani imeshaingizwa zile namba mbili. Kisha simameni kwenye foleni ya kulia, ya dirisha la pili, hata kama ya kushoto haina mtu.